SOMO: Kuotesha bakteria wapenda-asidi na kuwajaribu kwenye mawe yako

Nimechoka kuulizwa: "Mkuu, nimeweka bakteria kwenye mawe, mbona shaba haitoki?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwanza tuelewane. Bakteria hawa hawali shaba wala dhahabu. Acidithiobacillus ferrooxidans hunyang'anya chuma(II) elektroni, kikawa chuma(III). Chuma(III) ndicho kinachotafuna salfaidi (madini ambamo shaba, chuma n.k. vimeungana na salfa). Kikishatafuna hurudi kuwa chuma(II), na bakteria hukigeuza tena. Nduguye A. thiooxidans hushughulikia salfa na kutengeneza asidi. Kwenye pH ya 2, hewa peke yake hukigeuza chuma(II) polepole mno. Bakteria huiharakisha kazi hiyo takriban mara milioni. Kwa hiyo kazi yako wewe ni kulinda asidi na hewa. Mengine wanayajua wenyewe.

1. Mbegu. Chota maji ya rangi ya chungwa yanayotoka kwenye mawe ya salfaidi au rundo la marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa), pH chini ya 3. Usijaze chupa hadi mdomoni. Na usiingie handaki lililoachwa: pairaiti (salfaidi ya chuma) inapooza hula oksijeni yote, na hakuna harufu ya kukuonya.

2. Mchuzi, yaani chakula cha bakteria. Tumia 9K ya Silverman na Lundgren (1959). Kwa lita moja: amonia salfeti g 3, dipotasiamu fosfeti g 0.5, magnesi salfeti yenye maji g 0.5, potasiamu kloraidi g 0.1, kalsi naitreti g 0.01. Hizo ziyeyushe kwenye ml 700. Chuma(II) salfeti yenye maji, g 44.2, iyeyushe peke yake kwenye ml 300 za maji yenye asidi kidogo. Ndiyo maana ya 9K: gramu 9 za chuma kwa lita.

3. Chumvi zipite kwenye autoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu). Chuma kisipite, kichuje kwa chujio la mikromita 0.22. Ukikipika utapata tope la kahawia.

4. Changanya, rekebisha pH hadi 2.0 kwa asidi ya salfa TU. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume. Miwani, glavu.

5. Weka mbegu asilimia 10 ya ujazo, nyuzi 30, kwenye kitikisio. Ziba kwa pamba, si kwa kifuniko: wanahitaji oksijeni, na miili yao wanaijenga kwa kaboni dayoksaidi ya hewani.

6. Subiri rangi itoke kijani hafifu iwe kaharabu, kisha kahawia nyekundu. Mbegu ya mgodini inaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Ikishazoea, siku chache tu. Hamishia kwenye mchuzi mpya mara tatu kabla hujagusa mawe.

7. MAWE. Hapa ndipo nilipoumbuka, kwa hiyo someni taratibu. Nilisaga mawe, nikaweka gramu 50 kwenye lita moja, nikapima pH: 1.8. Safi. Nikaongeza bakteria, nikaenda zangu mapumziko ya wiki. Niliporudi pH ilikuwa 4.6, maji meupe, kutu imetanda chini. Wote wamekufa. Nikailaumu mbegu, nikaagiza nyingine, nikarudia kosa lile lile. Wiki sita zilipotea kabla sijakumbuka kudondoshea asidi kwenye jiwe kavu: likatoa povu. Kabonati, madini ya jamii ya chokaa! Mawe yalikuwa yanakunywa asidi yangu usiku kucha. pH ikipanda, chuma(III) huganda kuwa jarosaiti (chumvi ya chuma isiyoyeyuka kirahisi), hulipaka jiwe koti la manjano, na hata bakteria wakiwa hai hawalifikii tena.

Basi fanya hivi. Koroga mawe kwenye maji ya asidi BILA bakteria. Ongeza asidi ya salfa kidogo kidogo mpaka pH ikae 1.8 saa 24 nzima bila kupanda. Andika umetumia asidi kiasi gani, maana namba hiyo ndiyo itakayokuambia kama mradi una faida au unanunua asidi ya kuyeyusha chokaa. Ndipo uweke bakteria.

Maonyo: tumia chombo kikubwa, povu hufurika. Fanyia ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwa sababu baadhi ya salfaidi hutoa haidrojeni salfaidi zikikutana na asidi, na gesi hiyo inaua. Anza na mawe asilimia 1 au 2, upandishe taratibu; hata viwandani kwenye matangi huishia karibu asilimia 20.

8. Flaski shahidi: mawe yale yale, asidi ile ile, bila bakteria. Bila hiyo hujathibitisha lolote.

9. Kabla ya kuchukua sampuli, fidia maji yaliyokauka.

MASWALI

Kokoto: Nimefuata kila kitu, hawaoti. Msaada.

Mwandishi: pH ngapi? Joto? Rangi?

Kokoto: pH sijapima. Asidi ya salfa sikuwa nayo, nikatumia asidi haidrokloriki.

Mwandishi: Kwa hiyo hukufuata kila kitu. Kloraidi nyingi inawadhuru. Anza upya.

Kokoto: Ungeandika wazi basi.

Mwandishi: Niliandika "asidi ya salfa". Haya, nimeongeza "TU" kwa herufi kubwa.

Nyota_ya_Maabara: Mwalimu, samahani kama ni swali la kitoto. Wanaishije kwenye asidi bila kuungua? Na je, siki haifai?

Mwandishi: Si la kitoto hata kidogo. Ndani ya seli pH iko karibu na 6.5; asidi iko nje tu. Utando wao hauruhusu protoni kuingia ovyo. Zinazoingia hupitia mlango maalumu na kutengeneza ATP (nishati ya seli) zikipita, kisha huungana na oksijeni na elektroni zilizotoka kwenye chuma, yakawa maji. Njiani elektroni hizo hupokelewa na rustisianini, protini ya buluu yenye shaba. Sasa siki: kwenye pH ya chini asidi yake haijagawanyika, haina chaji, hivyo hupenya utando. Ikifika ndani penye pH ya juu huachia protoni yake. Seli inaungua kutokea ndani. Asidi kali wanaistahimili, ile dhaifu inawaua.

Mchenjuaji: Dhahabu yangu imefungwa ndani ya pairaiti. Bakteria wakimaliza naweza kumwaga sayanidi humo humo?

Mwandishi: HAPANA. Sayanidi kwenye asidi hutoa gesi ya haidrojeni sayanidi. Utakufa, na wa jirani pia. Tope huoshwa kwanza, kisha hupandishwa pH kwa chokaa hadi kupita 10. Wazo lenyewe ni zuri. Mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, unachenjua hivyo tangu 1986. Kama mawe yana arseniki, maji yake nayo ni sumu. Usifanyie nyumbani.

Jiwe_la_Kijani: Mimi yangu ni malakaiti. Mbegu kiasi gani?

Mwandishi: Sifuri. Hiyo ni kabonati, haina salfaidi. Asidi peke yake inatosha.

Mwanafunzi_wa_Tatu: Kalkopairaiti yangu (salfaidi ya shaba na chuma) ilianza vizuri, sasa shaba imesimama. pH 1.7, shaba ya flaski shahidi iko chini zaidi.

Mwandishi: Umeuliza kama mtu aliyesoma! Kosa si lako. Kwenye nyuzi 30 uso wa kalkopairaiti hujifunga, ukawa mgumu kuyeyuka. Wengine hutumia arkea (vijidudu vinavyofanana na bakteria) wa joto la nyuzi 65 hadi 80. Kalkosaiti (salfaidi ya shaba isiyo na chuma) haina ukaidi huo. Pairaiti pia hukubali: Kasese, Uganda, kobalti ilitolewa hivyo kwenye marudio ya mgodi wa Kilembe.

Nyota_ya_Maabara: Nyongeza kwa wanaotaka makoloni: agari ya kawaida (jeli ya kuoteshea) huvunjika kwenye asidi na kutoa sukari zinazowazuia. Agarosi ni afadhali.

Mwandishi: Kweli kabisa, asante dada.

Mwanafunzi_wa_Tatu: Na flaski zenye ganda la manjano mnazisafishaje? Sabuni imeshindwa.

Mwandishi: Hiyo ni jarosaiti. Ilowekwe kwenye asidi haidrokloriki usiku mmoja, kisha isuuzwe sana. Kokoto, ile chupa yako imepata kazi.