Super Smash Bros. Ultimate sebuleni: inaponoga, inapokwama, na namna ya kuiandaa

Jumamosi jioni kwangu Magomeni huwa kuna watoto wanne: wawili wa kaka yangu, mmoja wa jirani, na binti yangu wa miaka kumi. Ukiniongeza mimi tunakuwa watano, na mashine ni moja. Kwa miaka miwili sasa gemu tunayoirudia ni Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya mapigano ya mashine ya Nintendo Switch, na wazazi wenzangu wameshaniuliza mara nyingi kama inafaa kumnunulia mtoto. Jibu langu ni refu kidogo. Kwa watu walio chumba kimoja sijaona gemu inayoifikia. Kwa anayetegemea intaneti, itamchosha roho. Na hata hapo sebuleni, lazima uiandae kabla ya pambano la kwanza, la sivyo watoto watagombana na utadhani kosa ni la watoto.

Kinachowavuta kwanza ni mkusanyiko. Gemu ya kwanza ya mfululizo huu ilitoka mwaka 1999 ikiwa na wapiganaji 12. Hii ya sasa, iliyoongozwa na Masahiro Sakurai na kutoka Desemba 2018, imewarudisha wote waliowahi kuwamo na kuongeza wapya, hadi kufika 89 alipoingia Sora, wa mwisho, Oktoba 2021. Mario anapigana na Pikachu, Sonic na Pac-Man, Ryu wa Street Fighter na Cloud wa Final Fantasy. Mtoto yeyote aliyewahi kushika gemu popote atamkuta mtu anayemjua humo.

Cha pili ni kanuni yake. Hakuna mstari wa uhai unaopungua. Kila kipigo kinaongeza asilimia, na asilimia zikiwa kubwa unarushwa mbali zaidi. Unatoka pale tu unaporushwa nje ya uwanja ukashindwa kurudi. Maana yake aliyeumia sana bado ana nafasi. Wiki iliyopita mdogo wetu wa miaka saba alikuwa na Kirby, ameshafika asilimia 140. Dada yake, aliyekuwa na Donkey Kong, akamchapa kofi Kirby akapaa hadi nje ya ukingo. Kirby ana miruko mitano akiwa hewani. Yule mtoto akaanza kuibonyeza mmoja mmoja, polepole, anahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu," na dada yake kwa uchu akamfuata nje kummalizia. Kirby akaudaka ukingo. Donkey Kong akishashuka chini ya ukingo hapandi juu kwa urahisi, akaanguka yeye. Mtoto akanigeukia: "Shangazi, umeona?" Niliona, na ndiyo sababu naandika.

Sasa maandalizi. Anza kwa kumfungulia kila mchezaji jina lake ndani ya gemu, na kwa kila jina uingie kwenye mpangilio wa vitufe. Zima ile ya kuruka kwa kusukuma kijiti juu. Ikibaki imewashwa, mtoto anayetaka kupiga kwenda juu ataruka bila kutaka, na atakwambia pedi ya kuchezea ni mbovu. Kwa jambo hili moja tu nimeona watoto wakibadilika ndani ya nusu saa.

Halafu tengeneza kanuni zenu na uzihifadhi, kwa sababu gemu inakuruhusu kuzipa jina na kuziita kila mnapoanza. Msicheze kwa muda na pointi. Katika mtindo huo pointi anaichukua aliyegusa mwisho, kwa hiyo mmoja anahangaika kumpandishia mpinzani asilimia, mwingine anakuja na teke moja anavuna. Ugomvi wetu mwingi wa mwanzo ulitoka hapo. Tumieni roho, yaani mara ambazo mtu anaweza kutolewa kabla ya kushindwa kabisa: kila mtu roho tatu, dakika saba, kama wanavyofanya kwenye mashindano. Silaha zinazodondoka kutoka juu huwa naziacha tukiwa wanne na kuziondoa tukibaki wawili. Vituko vya uwanja nimevizima kabisa. Viwanja ni zaidi ya mia, lakini vingi havifai kwa mtoto anayejifunza. Ule unaoitwa The Great Cave Offensive ni mkubwa mno hata mchezaji hajui yeye ni yupi. Bora ujue kuwa kila uwanja unaweza kuugeuza ukawa na umbo tambarare au lenye vibao vitatu vya kusimamia, huku sura na muziki vikibaki vilevile.

Jiandae pia kwa jambo hili: ukifungua gemu mara ya kwanza utakuta wapiganaji wanane tu. Mtoto aliyeahidiwa Sonic atalia. Wengine wanajitokeza mmoja mmoja kadiri mnavyocheza, na lazima umshinde anayejitokeza ndipo awe wako. Ukishindwa hajapotea, baadaye kuna mlango wa kuwarudia uliowakosa. Mimi nilikaa jioni tatu peke yangu nikifungua wapiganaji kabla sijawaonyesha watoto, na nakushauri ufanye hivyo. Njia nzuri ni ule mtindo wa mchezaji mmoja wa kupita mapambano mfululizo: ukimaliza na mpiganaji mmoja, unafungua mwingine.

Kumchagulia mtu mpiganaji wa kwanza ndiko kunakohitaji akili zaidi, kwa sababu kila mmoja ameumbwa na kasoro yake. Bowser ni mzito kuliko wote, kumrusha nje ni kazi, ila ni pande la mtu, kila kipigo kinampata. Pichu ni mwepesi kuliko wote na umeme wake mwenyewe unamuumiza. Little Mac akiwa ardhini ni moto, lakini mtoe nje ya ukingo uone: hewani hana lolote. Ness anarudi kwa kujigonga na umeme anaouendesha mwenyewe, jambo linalomshinda mtoto mdogo. Anayeanza mpe Mario au Kirby, maana hawana hila ya ajabu na wanarudi ukingoni bila shida. Mtu mzima anayeogopa vitufe mpe Bowser. Mama yangu mzazi alicheza naye na akashinda pambano lake la tatu.

Mbinu za kufundisha wiki ya kwanza ni chache. Ngao inazuia kipigo, kunyaka, yaani kumkamata mpinzani, kunaishinda ngao, na kipigo kinamuwahi anayetaka kunyaka; mtoto akishika mzunguko huo, ameacha kubonyeza ovyo. Ngao inapungua kadiri unavyoishikilia, na ikipasuka unabaki unapepesuka, kwa hiyo asijifiche humo. Ukiwa nje ya uwanja, usiumalize mruko wa pili mapema. Utunze, halafu kijiti juu pamoja na kitufe cha B, ile mbinu ya kupaa, viwe vya mwisho. Ukirushwa pembeni, vuta kijiti juu kuelekea ndani ya uwanja palepale unapopigwa. Njia inapinda kidogo, na huo upindaji mdogo ndio unaookoa roho. Mruko mfupi unaupata kwa kubonyeza X na Y kwa pamoja. Kwenye chumba cha mazoezi unaweza kupunguza kasi ya gemu na kuona vitu hivi vikitokea polepole. Binti yangu alikaa humo siku nzima ya mvua akijifunza mruko huo mfupi tu, na tangu hapo simgusi.

Wakipishana sana uwezo, uzito uwekeni kwa aliyezidi: kanuni zinaruhusu mkubwa aanze pambano akiwa tayari na asilimia kadhaa. Kuna pia mtindo uitwao Smashdown, ambao kila mpiganaji akishatumika haruhusiwi tena. Raundi ya tano kila mtu ameishiwa na mtu wake wa mazoea, na mdogo anapata nafasi ya kweli. Huo kwetu ndio unaopendwa kuliko yote.

Udhaifu wa intaneti nitausema wazi. Kwanza kunalipiwa uanachama. Pili, mashine zinaunganishwa moja kwa moja, na gemu inasubiri taarifa za kila upande kabla ya kuonyesha hatua. Mtandao wa mmoja ukisuasua, wote mnasuasua, na mkiwa wanne mbovu mmoja anawaburuza wengine watatu. Kwa bando la simu mimi nilijaribu wiki mbili. Nilikuwa nabonyeza ngao, na ngao inafunguka nikiwa tayari niko hewani. Kama lazima ucheze mtandaoni, tumia waya: kitako kinachoiunganisha mashine na TV, kwa Switch ya toleo la OLED, kina tundu lake, kile cha zamani kinahitaji adapta ya USB. Cheza wawili tu, na mtafute mtu aliye karibu nawe kijiografia. Lakini usinunue gemu hii kwa ajili hiyo.

Udhaifu mwingine ni pesa. Wapiganaji walioongezwa baada ya gemu kutoka ni wa kulipia, na baadhi yao ni hatari kweli. Mchezaji MkLeo wa Mexico alitwaa EVO 2019, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, akiwa na Joker, aliyekuja kwa kulipia. Steve wa Minecraft, anayechimba madini na kujenga vibanda katikati ya pambano, amewahi kupigwa marufuku na baadhi ya waandaaji wa mashindano. Wapiganaji hawarekebishwi tena. Marekebisho yao yaliishia toleo la 13.0.1 mwaka 2021, kwa hiyo Steve atabaki alivyo. Sebuleni kwenu hamuhitaji hata mmoja kati yao. Pesa hiyo nunua pedi ya ziada.

Kwenye pedi nasisitiza. Zile mbili ndogo zinazokuja na mashine kila moja inalazwa na kuwa ya mchezaji mmoja, na kwa vidole vya miaka saba zinatosha. Kwa mtu mzima vitufe vya juu vinaumiza baada ya nusu saa. Ukinunua pedi iliyotumika, ijaribu palepale kabla hujatoa hela: weka mpiganaji uwanjani, usiguse kijiti, umwangalie. Akitembea mwenyewe, irudishe. Mimi niliwahi kuuziwa moja hivyo, na nilifika nayo nyumbani ndipo nikajua. Gemu yenyewe nunua kadi, kwa kuwa kuipakua ni zaidi ya GB 13, na kadi unaweza kuiazimisha au kuiuza.

Na umeme ukikatika, hapa ndipo mashine hii ilipoupata moyo wangu. Jumamosi moja tulikuwa raundi ya mwisho, giza likaingia. Unaichomoa kutoka kwenye kitako, kioo chake kinawaka, pambano liko palepale lilipoishia. Yangu inakaa na chaji kama saa tatu. Shida ni kwamba wanne kwenye kioo kile hawaonekani. Kamera inarudi nyuma na kila mtu anakuwa punje. Chezeni wawili wawili kwa kupokezana, na chagueni uwanja wa Small Battlefield, ulioongezwa bure mwaka 2020. Ni mfupi, una vibao viwili tu, na kamera inabaki karibu. Isimamishe mashine mezani juu ya kile kiguu chake cha nyuma, mshumaa uwe pembeni, nyuma ya kioo, usije ukaakisi machoni.