Gitaa Lako Liuzwe Wapi: Mwongozo kwa Fundi wa Nairobi Anayechagua Kati ya Mteja na Duka

Fundi wa magitaa jijini Nairobi kwa kawaida huuza gitaa lake la kwanza kwa mtu anayemjua: mpigaji wa bendi ya kanisa, mwalimu wa muziki, au jirani aliyeliona likining'inia karakana. Tatizo huanza pale jamaa na marafiki wanapokwisha, magitaa mawili au matatu yamekamilika, na pesa za mbao na nyuzi zimelala ukutani. Hapo ndipo fundi hujiuliza kama ayapeleke kwenye duka la ala za muziki katikati ya jiji au aendelee kutafuta wateja mwenyewe. Mwongozo huu ni wa fundi huyo. Nionavyo, njia zote mbili zinaweza kumlisha, mradi apange bei yake kwa kuanzia upande wa duka, na asikubali kamwe gitaa moja liwe na bei mbili mbele ya macho ya mteja.

Bei ya jumla ndiyo msingi

Mafundi wengi hukadiria bei kwa kutazama magitaa ya kiwandani kutoka China yaliyojaa madukani, kisha wanapunguza kidogo ili wapate mnunuzi. Njia hiyo inamwangamiza fundi, kwa sababu gitaa la kiwandani hutoka kwa maelfu na lako hutoka moja moja. Anza na gharama zako. Tuseme mbao, vigingi vya kukazia nyuzi, freti (vijichuma vinavyokatiza shingo), chuma cha ndani ya shingo, gundi na vanishi vinakugharimu shilingi 14,000. Kazi ni saa 70 kwa shilingi 300 kila saa, yaani 21,000. Na sehemu ya kodi ya karakana, umeme na kunoa vifaa ni 3,000. Gitaa hilo limekugharimu 38,000 kabla hujapata faida hata senti moja. Ukiongeza 4,000 za kununulia mbao za akiba na kubadilisha vifaa vinavyochakaa, unafika 42,000. Hiyo ndiyo bei yako ya jumla, na chini yake huuzi kwa mtu yeyote, awe mwenye duka au binamu yako.

Usiache kuhesabu saa zako. Fundi asiyejilipa kwenye hesabu hudhani anapata faida kumbe anakula jasho lake mwenyewe, na siku atakapohitaji msaidizi atagundua kwamba bei yake haina nafasi ya kumlipa.

Kutoka kwenye bei ya jumla tunapanda hadi bei ya rejareja, na hapa ndipo maelewano kati ya mafundi na wenye maduka huvunjika mara nyingi. Chukulia kwamba duka linataka libaki na asilimia 30 ya bei kabla ya ushuru. Ili wewe upate 42,000, bei hiyo lazima iwe 60,000, na duka litabaki na 18,000. Lakini duka lililosajiliwa kwa ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT, hutoza asilimia 16 juu ya bei hiyo, hivyo kibandiko kitasomeka 69,600. Fundi akipita na kuona kibandiko hicho huona kwamba duka limekula 27,600 kwenye kazi yake. Ukweli ni kwamba 9,600 zinakwenda kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, na kama wewe hujasajiliwa kwa VAT, mwenye duka hana ushuru wowote aliokulipa wa kukata kutoka kwenye hizo. Kinachobaki, 18,000, kinalipa kodi ya pango la duka, mshahara wa muuzaji, na miezi ambayo gitaa litakaa likisubiri mtu wake. Fundi anayeielewa hesabu hii huzungumza na mwenye duka kwa heshima zaidi, na pia hupatana naye vizuri zaidi, kwa sababu anajua ni sehemu ipi ya bei inayoweza kujadiliwa na ipi haigusiki.

Kumuuzia mteja mwenyewe

Ukiuza moja kwa moja kwa 69,600, na mauzo yako ya mwaka hayajafika shilingi milioni 5 zinazokulazimu kujisajili kwa VAT, tofauti yote ya 27,600 ni yako. Usiifurahie kabla ya kuuliza umeifanyia kazi gani. Utajibu ujumbe wa watu wengi ambao hawatanunua. Utapokea wageni karakana, utawaacha wajaribu gitaa kwa muda mrefu, utapiga picha na kurekodi sauti, utapeleka gitaa Rongai au Ruiru, na baada ya mwezi utaitwa kushusha nyuzi kwa sababu mteja anasema zinamuumiza vidole. Andika saa hizo kwenye daftari kama unavyoandika saa za kukata mbao. Ikiwa kila gitaa linakula saa 20 za namna hii, umetumia 6,000 za kazi na muda ambao ungekaribia kutosha kutengeneza theluthi moja ya gitaa lingine. Bado kuuza mwenyewe kunalipa zaidi, lakini si kwa kiasi kile kinachoonekana kwenye kibandiko.

Faida kubwa zaidi ya kumuuzia mteja moja kwa moja ni kwamba unaweza kumtengenezea kitu ambacho duka haliwezi kukiweka ukutani. Mpigaji mwenye mikono midogo atafurahia urefu wa uzi wa takribani milimita 628 kuliko 650 ulio wa kawaida kwenye gitaa la klasiki. Anayepiga kwa mkono wa kushoto huingia maduka mengi na kutoka bila kitu. Mpigaji wa benga, ambaye gitaa lake la kuongoza hupanda juu sana kwenye shingo likikimbizana na sauti ya mwimbaji, anahitaji mwili uliokatwa karibu na shingo ili mkono ufike kwenye freti za mwisho bila taabu. Mpigaji wa kanisani atataka kifaa cha ndani cha kunasa mtetemo, ili gitaa liunganishwe moja kwa moja na amplifaya. Maswali haya yaulizwe na kuandikwa kabla ya ubao wa kwanza kukatwa, na mteja atie sahihi kwenye karatasi hiyo.

Agizo la namna hiyo lisianze bila arubuni. Nusu ya bei inatosha, kwa kuwa inafunika vifaa vyote na sehemu ya kazi. Gitaa la mkono wa kushoto ambalo mteja amelikimbia ni gumu mno kumpata mwingine wa kulichukua. Ipokee arubuni kupitia namba ya biashara ya M-Pesa badala ya namba yako binafsi, ili rekodi za mauzo zisichanganyike na pesa za chakula cha nyumbani, kisha utoe risiti inayotaja tarehe ya kukamilika na kinachotokea mteja akibadilisha nia. Ongeza wiki kadhaa kwenye tarehe unayoiahidi. Mteja aliyeambiwa miezi mitatu akapata gitaa baada ya miezi miwili na nusu atakusifu kwa wenzake, ilhali aliyeambiwa miwili akangoja huohuo muda wa miwili na nusu atakulalamikia.

Kuingia dukani

Nenda dukani asubuhi katikati ya wiki, wakati hakuna msongamano, ukiwa na magitaa mawili ya muundo mmoja. Moja peke yake halimwonyeshi mwenye duka kama unaweza kurudia kazi yako, na kurudia ndiko anakonunua. Akilipenda la kwanza, ataliinua la pili na kutafuta tofauti: kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12, mwisho wa freti unaokwaruza kiganja, gundi iliyovuja ndani ya tundu. Mpe nafasi ya kufanya hivyo bila kumwongelesha. Kisha mtajie bei ya jumla, na bei ya rejareja unayotaka kila mtu aifuate.

Maduka mengi hayatanunua kwa pesa taslimu kutoka kwa fundi asiyejulikana. Yataomba kuchukua kwa mali kauli, yaani ulipwe gitaa likishauzwa. Si vibaya kukubali mwanzoni, ila elewa kwamba kwa mpango huo ni wewe unayelikopesha duka. Kwa hiyo magitaa ya mali kauli yawe machache, mawili au matatu, na yawe na muda: yasipouzwa ndani ya siku 90, yarudi au duka liyanunue kwa bei ya jumla. Duka lililokwisha kuuza mawili halina sababu ya kukataa kulinunua la tatu kwa pesa taslimu, nawe usione haya kulikumbusha.

Kuhusu hali ya gitaa likiwa dukani nitakaa kidogo, kwa sababu hapa kazi nzuri huharibika bila mtu kugundua. Gitaa la dukani hushikwa na mikono mingi yenye jasho, nyuzi zake huwa nyeusi, na huenda likatundikwa mkabala na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Mbao hupenda unyevu wa hewa wa takribani asilimia 45 hadi 55. Nairobi hukauka Januari na Februari, kisha mvua za masika huingia Machi. Uso wa gitaa uliokuwa umenywea huvimba, nyuzi hupanda, na gitaa lililokuwa likipigika kwa ulaini Februari huwa gumu mwezi Aprili. Mteja atakayelijaribu siku hiyo hatasema ni hali ya hewa; atasema fundi hajui kazi. Patana na duka kwamba utapita kila mwezi kukaza chuma cha shingo, kubadilisha nyuzi na kupangusa. Gharama ya nyuzi hizo ihesabiwe mapema ni ya nani. Kama duka lina tawi Mombasa, usiruhusu gitaa lihamishwe huko bila kukuarifu, kwa maana unyevu wa pwani ni mwingine kabisa.

Upande wa karatasi ni mfupi lakini una meno. Duka lililosajiliwa litakudai PIN yako ya ushuru na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Ushuru, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki kwenye hesabu zake za kodi. Fundi anayeuza magitaa mawili kwa mwezi kwa 42,000 anafikisha 1,008,000 kwa mwaka, na hapo amevuka milioni 1 ambako ushuru wa mauzo wa asilimia 3 huanza. Ushuru huo hutozwa kwenye mauzo yote, hata kama faida ni ndogo, kwa hiyo uingize kwenye bei mapema: ni 1,260 kwa gitaa la 42,000.

Bei moja

Fundi aliyekwisha kuweka gitaa dukani kwa 69,600 hujaribiwa kumwambia mteja anayempigia simu: "Njoo karakana, nitakupa kwa hamsini." Asifanye hivyo. Mteja huyo alilijaribu gitaa dukani, muuzaji akamhudumia, kisha pesa zikapita mlango wa nyuma. Mwenye duka atajua, kwa kuwa wapigaji wa Nairobi wanafahamiana, na magitaa yako yatashushwa ukutani wiki hiyohiyo. Uza kwa bei ileile. Ile tofauti ni malipo ya yule aliyefanya kazi ya kuuza, akiwa duka au akiwa wewe. Ukitaka kumpa mteja wa karakana kitu cha ziada, mpe marekebisho ya bure kwa mwaka mmoja au mfuko mzuri wa kubebea, na umjulishe mwenye duka kwamba unafanya hivyo.

Njia rahisi ya kuepuka ugomvi ni kugawa magitaa yenyewe. Muundo wako wa kawaida, wenye vipimo visivyobadilika, upelekwe dukani. Ya kuagizwa, na yale yenye mbao za thamani kama mpingo, yabaki karakana. Kwa gitaa lenye ubao wa vidole wa mpingo kuna jambo la kuangalia mteja akiwa anasafiri nje ya nchi: mpingo na karibu jamii yake yote ya Dalbergia iliingizwa tangu Januari 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodai kibali cha kuvusha mipaka mimea na wanyama walio hatarini, na mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye sharti hilo la kibali. Gitaa lililokamilika halina shida hiyo, lakini vipande vya mbao ambazo hazijawa ala bado vinahitaji kibali. Weka risiti ya mahali uliponunua mbao, na umpe mteja nakala.

Kama tayari una foleni ya wateja inayozidi uwezo wako, huhitaji duka, hata likikubembeleza; kila gitaa utakalolipeleka huko ni gitaa ulilomnyima mteja aliyekuwa tayari kulipa bei kamili. Duka lina maana pale linapokuletea mnunuzi ambaye usingempata mwenyewe. Uliza kila mteja alikusikia wapi, uandike jibu, na baada ya nusu mwaka utaona kama duka linaongeza wateja au linawapokea tu wale waliokuwa wakija kwako.

Makubaliano na duka yaandikwe ukurasa mmoja, hata kama mwenye duka ni rafiki: namba ya kila gitaa, bei ya jumla na ya rejareja, siku za kulipwa baada ya mauzo, nani anagharamia likianguka au kuibwa, na nani anapokea malalamiko ya mteja. Piga picha za gitaa mbele na nyuma siku unapolikabidhi, na nyote wawili mtie sahihi juu yake. Likirudi na mkwaruzo, picha hizo ndizo zitakazoamua kama duka litalipa upigaji vanishi mpya kabla hujalipeleka kwingine.