Taasisi yenu inatimiza miaka mingi? Anzeni masjala

Barua ya kuunda kamati ya maadhimisho ikishafika, watu huanza na fulana. Rangi gani, nembo ikae kifuani au mgongoni, kofia zitawafikia na walinzi? Sina ugomvi na fulana, ninazo kadhaa na moja naivaa shambani. Ila kama wewe ndiye uliyepewa kamati ndogo ya historia na maonyesho, ile ambayo hakuna aliyeigombea, waachie wengine fulana zao na uombe ufunguo wa masjala. Nimekuwa karani wa masjala katika taasisi ya utafiti ya serikali hadi kustaafu kwangu, na hii ndiyo njia ninayoifuata kila ninapoitwa kusaidia.

Tangulieni kukubaliana mnatimiza miaka mingapi. Swali linaonekana la kitoto, lakini chukua mfano wa Amani, kule Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Wajerumani walianzisha pale taasisi ya baiolojia na kilimo mwaka 1902. Baada ya Vita vya Kwanza, Waingereza wakaifufua kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Kilimo kikahamia Muguga, Kenya, na majengo yakachukuliwa na watu wa malaria, ambao kitengo chao kilikuwa kimeanza mwaka 1949. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, kila nchi ikabaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake, kisha Bunge likatunga Sheria Na. 23 ya mwaka 1979 iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Amani ikawa mojawapo ya vituo vyake. Haya, Amani ina umri gani? Majibu yapo zaidi ya moja, na kila jibu lina karatasi yake.

Mimi huamua hivi: taasisi huhesabiwa tangu sheria iliyoiunda, na mahali huhesabiwa tangu kazi ilipoanza pale. Bango la mlangoni liseme yote mawili. Tafuteni nakala ya sheria yenyewe au tangazo katika Gazeti la Serikali, muiambatanishe na muhtasari wa kikao cha kwanza. Msipofanya hivyo, siku ya kilele atasimama profesa mstaafu mbele ya mgeni rasmi kuwasahihisha, na atakuwa na haki.

Karatasi ambazo hamnazo huenda ziko Dar es Salaam, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Majalada ya enzi ya Wajerumani yapo huko, na ya Waingereza pia. Andikeni barua mapema, mtaje kipindi na somo mnalotafuta. Ukiandika "historia ya taasisi yetu" tu, unamtesa mtumishi wa watu. Kwa kawaida kumbukumbu za serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30, kwa hiyo usitegemee kuonyeshwa kila kitu.

Mkishapata karatasi na picha, kuna miiko michache. Usibandike selotepu juu ya karatasi ya zamani, wala usiitie plastiki ya moto. Nyuma ya picha andika namba kwa penseli laini pembeni, kamwe si kwa kalamu ya wino. Pini na vibanio vyenye kutu vitolewe taratibu. Na ya asili isitundikwe ukutani: piga nakala nzuri, itundike hiyo, ya asili irudi kwenye boksi. Jua la dirishani huifuta picha, na anayejua hilo mapema huwa ni karani, si mpambaji.

Sasa maonyesho yenyewe. Kila idara italeta bango la "Mafanikio", lenye vitone kumi na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe akitazama darubini. Yapokee kwa heshima, yapange ukumbini. Lakini chumba kimoja kiwe cha hadithi moja tu, inayoelezwa kwa vitu vinavyoshikika.

Kama ningepewa chumba cha Amani, ningeweka mimea mitatu kwenye vyungu. Ugonjwa wa batobato la mihogo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka huko huko Usambara. Majani hujikunja, hupata mabaka ya njano, na muhogo hauzai vizuri. Unaenezwa na inzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe anapopanda pingili zilizougua. Miaka ya 1930 watafiti wa Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, walianza kutafuta muhogo unaohimili. Walichanganya muhogo na ndugu yake wa msituni, mti wa mpira wa Ceará, ule uliopandwa na Wajerumani kwa ajili ya utomvu. Mtoto wa kwanza alihimili ugonjwa ila mizizi yake haikuwa ya kuliwa, wakamchanganya na muhogo tena na tena, vizazi kadhaa, mpaka chakula kikarudi na uhimilivu ukabaki. Nichols alichapisha matokeo mwaka 1947. Mbegu za ukoo huo zilifika Nigeria, ikachaguliwa aina iliyopewa namba 58308, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, ilipoanza kuzalisha mihogo inayohimili batobato miaka ya 1970, hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo chake. Kwa hiyo mihogo mingi inayoliwa Afrika leo ina bibi yake Amani.

Chungu cha kwanza muhogo unaougua, cha pili mti wa mpira, cha tatu muhogo mzima. Omba kibali cha watu wa afya ya mimea kwanza, maana huwezi kusafirisha mche mgonjwa kwa basi ukauleta kati ya mashamba ya watu; ikishindikana, jani lililokaushwa na kubandikwa linatosha. Halafu mweke msaidizi mmoja pale kwenye mti wa mpira, asimulie kwamba huu ndio unaotoa kisamvu cha mpira. Mgeni akigundua kwamba mti wa maabara ni mboga anayoijua, atakaa chumbani hata kama hotuba zimeanza.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya majina. Ripoti za mwaka za zamani zitakupa wakuu wa idara wote, na shahada zao. Chini ya picha yenye watu saba hutajwa mmoja mwenye kofia, waliobaki ni "wasaidizi". Wasaidizi hao ndio waliokesha wakikamata mbu kwa mrija wa kufyonza, waliopaka damu kwenye vioo vya darubini, waliochavusha maua ya muhogo kwa mkono, walioandika lebo. Majina yao yapo, ila usiyatafute kwenye ripoti. Tafuta kwenye majalada ya uhasibu: orodha za mishahara, madai ya posho za safari, daftari la kupokelea buti na makoti ya mvua. Linganisha tarehe ya picha na tarehe ya posho, utajua nani alikuwa kwenye msafara. Ukishapata jina, lithibitishe kwa wazee kabla ya kuliandika chini ya sura ya mtu.

Na wazee wafuatwe nyumbani. Usiwaite ofisini kwa barua yenye mhuri, watadhani ni mambo ya pensheni. Nenda baada ya alasiri, salimia, kaa, kula ulichokaribishwa, ndipo utoe picha. Usiulize, "Mzee, mafanikio ya taasisi yalikuwa yapi?" Atakuhutubia kama mkutano wa hadhara. Mpe kitu mkononi, kama mrija wa mbu au kibati cha vioo, umwulize, "Hiki mlikishikaje?" Mikono hukumbuka kabla ya mdomo. Rekodi kwa ruhusa yake, na mwambie itatumika wapi.

Msiishie kwa watumishi. Kati ya 1955 na 1959, mradi wa malaria wa Pare-Taveta ulipulizia nyumba dieldrin, dawa ya kuua wadudu, upande wa Tanganyika na wa Kenya, ili kuona malaria ikishuka nini hutokea. Ilishuka, upuliziaji ukasimama, na mbu wakarudi polepole. Waliokuwa watoto ndani ya nyumba zile wana la kusema ambalo halimo kwenye jedwali lolote. Hapa ndipo kamati husita, kwa kuogopa kuharibu sherehe. Mimi nasema liwekwe. Vivyo hivyo mashamba na kazi za enzi ya Wajerumani: andika nani alihamishwa, nani alibeba mizigo, mwaka gani, kwa ushahidi mlio nao, bila vivumishi. Bango la tarehe halimgombezi mtu.

Kitu kimoja hakitundikwi kabisa: daftari la wagonjwa. Hata la zamani, hata likiwa na mwandiko mzuri kiasi gani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, wajukuu wapo. Onyesha jalada lake likiwa limefungwa.

Siku ya kilele sina mengi. Wanafunzi waingie asubuhi kabla ya msafara wa viongozi, la sivyo watasimamishwa juani hadi saa nane. Darubini mbili ni afadhali kuliko moja, kwa sababu ya foleni. Mwandishi wa hotuba ya mgeni rasmi mpelekee kurasa mbili zenye tarehe zilizohakikiwa. Ukimpelekea ishirini atachukua za kwenye bango la mwaka juzi. Wazee wapangiwe viti mbele, chini ya turubai, na majina yao yasomwe na mtu aliyefanya mazoezi ya kuyatamka.

Wiki inayofuata, rudisha picha za kuazima, mkono kwa mkono, zikiwa na bahasha na sahihi. Kila mzee apate nakala ya rekodi yake. Kisha fungua jalada jipya masjala kwa jina la maadhimisho, uweke humo muhtasari, orodha ya majina mliyothibitisha, na orodha ya yale ambayo hamkuyapata, folio kwa folio. Fulana moja pia iingie, ikunjwe kwenye bahasha kubwa. Karani atakayefuata atataka kujua ilikuwa rangi gani.