Namna ya kumshika mchezaji wa chuo ambaye hana uhakika wa kucheza Jumamosi

Ninafundisha mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kinga za mabega, katika chuo kidogo cha Minnesota. Vijana wangu ni wa mstari wa ulinzi, wale wanaokabiliana ana kwa ana na watu wanaomkinga kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Tuko Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambako mchezaji haruhusiwi kupewa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Kijana akiamua kuacha timu Jumatatu, ada yake haibadiliki hata senti. Kila anayekuja mazoezini kaja kwa kupenda, na ni juu yangu apende kurudi kesho. Makocha wa soka ya vyuo huko nyumbani huniuliza tunawashikaje wasituache. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Mjue kabla kambi haijaanza

Kambi yetu huanza Agosti. Julai nampigia simu kila kijana wangu, na simuulizi uzito wala kasi. Nauliza amelelewa na nani, anasomea nini, anafanya kibarua wapi na saa ngapi. Naandika kwenye daftari, kila mtu na ukurasa wake.

Daftari hilo nililianza baada ya kukosea. Kijana mmoja alichelewa mara tatu kikao cha video cha saa kumi na mbili asubuhi, nikamfokea mbele ya wenzake. Hakujibu, akakaa. Baadaye mwenzake wa chumbani akanieleza kwamba jamaa alikuwa akipakia mikate kiwandani tangu saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Nilimwomba radhi kikao kilichofuata, mbele ya watu walewale. Ukimwaibisha mtu hadharani, usiende kumtaka radhi faraghani.

Hatua ya 2: Sahihisha kitu kimoja, na ukitaje

"Jitume!" haimsaidii mtu. Mwambie hivi: "Mguu wako wa kwanza unakanyaga nyuma, unampa mwenzio nusu yadi." Hilo anaweza kulifanyia kazi leo hii. Jumapili tunapoangalia video ya mechi, naanza na mahali alipofanya vizuri, nasimamisha picha, namuuliza yeye alifanya nini pale. Kisha kosa moja tu. Mengine yatasubiri wiki ijayo.

Hatua ya 3: Wape heshima wasiocheza

Hapa ndipo timu nyingi zinapovunjikia, kwa hiyo soma taratibu.

Tuna vijana zaidi ya 100, na wanaoingia uwanjani kwa pamoja ni 11. Waliobaki, wiki nzima, wanaigiza wapinzani. Kocha anainua kadi yenye mchoro wa mbinu ya timu tutakayokutana nayo, nao wanaicheza ili wenzao waizoee. Jumanne na Jumatano wanapigwa vikumbo, Jumamosi, siku ya mechi, wanasimama pembeni na jezi safi.

Jumanne, kabla ya mazoezi, nakaa nao wao kwanza. Kila mmoja namwonyesha mtu atakayemwigiza: namba yake, anavyopenda kuanzia kulia, mkono anaoutanguliza. Kijana asipewe kadi tu kama anayetumwa dukani. Aelewe anabeba nini.

Alhamisi namsimamisha mmoja aliyefanya kazi kubwa, lakini simsifu mimi. Anayesema ni yule wa kikosi cha kwanza aliyepambana naye. Msimu uliopita mmoja wa mstari wa mashambulizi alisimama akasema, "Huyu alinipita mara nne jana, ndipo nikajua mkono wangu wa kushoto unachelewa." Aliyesifiwa aliinama akaanza kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Wiki iliyofuata alifika uwanjani kabla yangu.

Na akikuuliza, "Kocha, nitacheza lini?" mweleze ukweli: nani yuko mbele yake, na anamzidi nini. Ukimpa matumaini ya uongo, kesho wote wanajua.

Hatua ya 4: Mfuate mpaka darasani

Eddie Robinson alikuwa kocha wa mpira huu katika chuo cha Grambling, Louisiana, kuanzia 1941 hadi 1997, akashinda mechi 408. Asubuhi alikuwa akipita bwenini akigonga kengele ya ng'ombe kuwaamsha wachezaji waende darasani. Mimi sina kengele, ila najua siku za mitihani yao, na siku hiyo natuma ujumbe mfupi.

Hatua ya 5: Ukali uwe na mpaka

Mwaka 2018 Jordan McNair, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland mwenye umri wa miaka 19, alizidiwa na joto akiwa mazoezini, akafariki wiki mbili baadaye. Hakutumbukizwa kwenye maji ya barafu kama ilivyotakiwa. Ninamkumbuka kila Agosti.

Basi siku ya jua kali, beseni la maji na barafu liwe tayari kabla filimbi ya kwanza haijalia. Maji yasiwe zawadi ya waliofanya vizuri. Anayesema amezidiwa asichekwe, wala asiambiwe amalizie raundi moja. Mhudumu wa afya wa timu akisema kijana atoke, anatoka, hata kama imebaki dakika moja na tumezidiwa pointi tatu.