Somo: Keki ndogo za kakao na viazi lishe, watoto waponde wenyewe

Habari za jioni wapendwa. Tangu nilete picha za keki za siku ya kuzaliwa ya mwanangu, wengi mmeniuliza vipimo. Nimekaa leo nikavipima upya vyote kwa mizani, kwa sababu kwa mboga "weka kiasi" haifai. Mboga ina maji, na maji hayo ndiyo yanayoharibu keki za watu wengi.

Keki hizi ni nyeusi kwa kakao na laini hadi siku ya pili, na zaidi ya robo ya uzito wa mchanganyiko wake ni kiazi lishe, yaani kiazi kitamu chenye rangi ya machungwa ndani. Nilianza na boga. Nililichemsha katika maji mengi, nikaliponda likiwa moto na kulimimina kwenye unga. Juu keki ziliiva zikapasuka vizuri, katikati zikabaki kama uji, na wageni walikuwa wameshafika. Siku ile ndiyo iliyonifundisha kuanza na kiazi, kwa sababu maji yake ni machache na utamu wake ni mwingi.

Jambo moja niliseme mapema, najua wengine hatukubaliani: mimi siifichi mboga. Mtoto wangu anajua kuna kiazi ndani, maana yeye ndiye anayekiponda. Mtoto aliyefichwa mboga kwenye keki akaja kugundua, kesho atachungulia hata chapati. Na keki hii si badala ya mchicha wa mchana. Ni kitafunwa ambacho nimekipunguzia sukari na kukiongezea chakula cha kweli.

Mahitaji (keki ndogo 12)

Viazi lishe vilivyopondwa, gramu 250, yaani kikombe kimoja kilichojaa. Nunua viwili vya wastani.
Unga wa ngano gramu 150, kikombe kimoja na vijiko 2 vya chakula.
Kakao isiyo na sukari gramu 40, vijiko 6 vya chakula.
Sukari gramu 80, vijiko 6 vya chakula.
Mayai 2.
Mafuta ya alizeti, theluthi moja ya kikombe.
Mtindi usio na sukari, mililita 100.
Maji ya moto, robo kikombe.
Bekingi pauda kijiko 1 cha chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai.
Iliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chai. Vanila nayo ni sawa, ila kwangu iliki na kakao ni ndugu.

Kwa unga wa kiasi hiki wengi tumezoea sukari gramu 200. Hapa kila keki inabeba kama gramu 7 tu. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,400, asilimia 10 ni gramu 35. Chukua hiyo 35 uigawe kwa chai ya asubuhi, juisi ya shuleni na soda ya Jumapili, utaona kwa nini naipigania kila gramu ya keki.

Hatua ya kwanza: kiazi

Chagua kile cha rangi ya machungwa ndani. Sokoni kwetu Morogoro ukisema "viazi lishe" unaeleweka, na wanaolima watakutajia mbegu kama Kabode na Mataya. Rangi ile ni betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta ya kwenye keki husaidia mwili kuinyonya. Viazi hivi vimefanyiwa kazi kubwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2016 Dkt. Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani, na sehemu kubwa ya sababu ni viazi hivi.

Osha, usimenye. Vipange vizima kwenye chujio la chuma juu ya sufuria yenye maji ya baridi, funika, kisha washa moto mdogo. Vipike kwa mvuke taratibu kwa dakika 40 hadi 50, mpaka kisu kipite bila kusukumwa. Hapa naomba msiharakishe. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari ya maltozi, nacho hufanya kazi vizuri joto la kiazi likiwa kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Kiazi kinachopanda joto polepole hukaa muda mrefu hapo, na kinatoka kitamu kuliko kilichotupwa kwenye maji yanayotokota. Maltozi hiyo ndiyo inayotuwezesha kupunguza sukari ya dukani.

Kikipoa, menya, mpe mtoto uma na bakuli, aponde. Nyuzinyuzi zikiwa nyingi, pitisha kwenye chekeche. Pima gramu 250 baada ya kuponda, si kabla. Kiwe kimepoa kabisa, kwa sababu kikiwa moto kitaivisha mayai kabla ya oveni.

Hatua ya pili: kakao

Weka kakao kwenye bakuli, mimina maji ya moto na mafuta, koroga mpaka iwe rojo linalong'aa. Maji ya moto huamsha harufu ya kakao, nawe utahitaji kakao kidogo kupata ladha ileile. Dukani soma karatasi ya kopo. Iliyoandikwa chokoleti ya kunywa mara nyingi ni sukari kwanza, kakao baadaye. Tunatafuta kakao tupu. Nchini kwetu kakao nyingi inatoka Kyela, na ukipata iliyosagwa huko, ichukue.

Hatua ya tatu: kuchanganya

Piga mayai na sukari kwa mchapo dakika mbili hivi, tia mtindi, kiazi, iliki na rojo la kakao. Pembeni chekecha pamoja unga, bekingi pauda, bekingi soda na chumvi. Mimina unga kwenye bakuli la majimaji na ugeuze kwa mwiko, ukikunja kutoka chini kuja juu, mpaka usiuone unga mweupe. Hapo simama. Ukiendelea kukoroga, ngano inavuta na keki inakuwa ngumu kama mkate wa jana. Mchanganyiko utakuwa mzito, unaodondoka kwenye mwiko kwa mafungu. Usiongeze maji.

Usiuache mezani ukaenda kuoga. Soda ikikutana na mtindi na kakao inaanza kazi papo hapo.

Hatua ya nne: kuoka

Oveni nyuzi 180, iwe imepata moto kabla. Jaza vikombe vya karatasi robo tatu, oka dakika 20 hadi 22. Choma kijiti katikati: kitoke na chembechembe mbili tatu, si na uji, wala kisitoke kikavu kabisa.

Wa jiko la mkaa, njia ni ile ya mkate wa kumimina. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu uliochekechwa kina cha vidole viwili, funika, ipate moto robo saa. Weka sahani ya bati juu ya mchanga, panga keki ndani ya vibati vyake, funika na upalie makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Dakika 30 hadi 35, na usifunue kabla ya dakika 25.

Juu sipaki sukari ya unga. Napaka mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa usiku kucha, nikauchanganya na kijiko cha kakao na nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa. Unapakwa wakati wa kula tu. Keki zenyewe, kwa sababu zina unyevu, kwenye joto letu zikae siku moja na nusu mezani; zaidi ya hapo weka kwenye friji.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mwanza: Shikamoo dada. Huku leo nimepata viazi vitamu vyeupe tu. Vinafaa?

Marahaba mdogo wangu. Vinafaa. Vina ukavu zaidi, kwa hiyo ongeza vijiko viwili vya maziwa. Keki itakuwa tamu na laini, ila ile betakarotini hutaipata kwa wingi.

Kutoka Mombasa: Bibie, nataka kutumia bitiruti, binti yangu apenda rangi nyekundu.

Nakushauri usiiwekee tumaini rangi. Wekundu wa bitiruti huharibika kwa moto, na soda inauharibu zaidi, kisha kakao inafunika uliobaki. Ladha ni nzuri sana lakini, yenye harufu ya udongo inayopatana na kakao. Ichome nzima na ganda lake, isage, tumia gramu 200 badala ya 250. Ule wekundu mpatie binti kwenye kupaka: kijiko cha maji ya bitiruti mbichi kwenye mtindi, bila kakao.

Kutoka Dodoma: Sina bekingi pauda wala soda. Nitumie hamira? Au magadi?

Hapana kwa zote mbili, mpenzi. Hamira ni chachu hai, inataka muda na unga uliokandwa, na rojo hili haliwezi kuisubiri. Magadi ni makali kuliko bekingi soda na yanaacha ladha ya sabuni. Subiri ununue.

Baba wa watoto wawili, Arusha: Nimefuata kila kitu lakini zimezama katikati. Nilichemsha viazi ili niwahi.

Kaka, jibu umelitoa mwenyewe. Kiazi kilichomenywa na kuchemshwa kinakunywa maji. Kama huna budi, kikishaiva kirudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, kigeuze mpaka mvuke uishe. Pia usifungue oveni kabla ya dakika 18. Hizo zilizozama zikate, zikaushe kidogo kwenye oveni, watoto watazila na maziwa.

Kutoka Muscat: Huku tende zipo tele. Naweza kuacha sukari kabisa? Na oveni yangu ina feni.

Unaweza. Loweka gramu 120 za tende zisizo na kokwa kwenye maji ya moto, zichuje, zisage laini, upunguze mtindi uwe mililita 70. Keki itakuwa nzito zaidi na tamu. Ujue tu kuwa sukari ya tende bado ni sukari, faida ni nyuzinyuzi zake. Kwa feni shusha hadi nyuzi 160.

Mama kijacho wa Tanga: Mdogo wangu ana mtoto wa miezi kumi, anaweza kuonja?

Bado. Mtoto huyo hahitaji sukari wala kakao, ambayo ina kafeini kidogo. Mtengee kiazi kabla hujachanganya chochote, mpondee na tone la mafuta. Na asali asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata ya kuonjeshwa, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Kutoka Iringa: Dada, wangu wa miaka mitano akiona mboga anaondoka mezani. Nikimwambia kuna kiazi hataigusa. Si bora nimwambie akishamaliza?

Nakuelewa, wa kwangu alikuwa hivyo hivyo. Lakini ukimwambia akishamaliza, atakachokumbuka ni kwamba ulimzunguka. Usimwambie chochote kuhusu kula. Mwite jikoni, mpe uma, mwambie unahitaji msaada wa kuponda. Wa kwangu mara ya kwanza aliponda tu, hakula. Mara ya pili alilamba mwiko. Mara ya tatu aliniuliza kwa nini nimempa kiazi kidogo kuliko cha dada yake.