Jinsi ya kuomba kaneti ya gari kabla ya safari ndefu ya nchi kavu

Ukitaka kuvuka mipaka kadhaa kwa gari au pikipiki yako mwenyewe, pasipoti na viza ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni makaratasi ya chombo. Machoni pa forodha, gari la kigeni linalopita getini ni bidhaa inayoweza kuuzwa ndani bila ushuru kulipwa. Nchi nyingi hukuandikia kibali cha muda palepale mpakani na mambo yanaishia hapo. Nyingine, India na Pakistani zikiwemo, zimezoeleka kudai kitabu kiitwacho Carnet de Passages en Douane, au kaneti kwa kifupi.

Kaneti ni ahadi yenye dhamana: gari hili litatoka, na lisipotoka yupo wa kulipa ushuru. Mbele ya forodha mlipaji ni chama cha magari kilichotoa kitabu. Nyuma ya chama uko wewe. Lishike hilo, kwa sababu karibu kila kitu utakachoulizwa kinatokana nalo.

Usianze na fomu, anza na njia. Andika nchi zote kwa mpangilio utakaozipita, kisha ujue ipi inalazimisha kaneti, ipi inaipokea bila kulazimisha, na ipi haina habari nayo. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo uliza chama chenyewe au ubalozi wa nchi husika, usimtegemee msafiri aliyepita huko miaka mitatu iliyopita. Kama mipaka yote ya njia yako inatoa kibali cha muda, achana na kaneti. Wapo wanaoichukua "kwa usalama tu". Mimi naona ni kufungia fedha mahali zisipohitajika.

Hesabu pia mara utakazoingia, si idadi ya nchi. Kila kuingia kunakula ukurasa mmoja. Ukitoka India kwenda Nepal kisha ukarudi India, India peke yake imeshakula kurasa mbili. Vitabu huwa na kurasa 5, 10 au 25, na kuishiwa kurasa katikati ya njia ni shida utakayoimaliza kwa barua pepe na kampuni ya kusafirisha vifurushi. Ukiwa na shaka, chukua kikubwa.

Maombi hupelekwa kwenye chama cha magari cha taifa kinachoruhusiwa kutoa kaneti. Pale ambapo hakuna chama cha namna hiyo, viko vyama vya nchi nyingine vinavyopokea magari yaliyosajiliwa nje. Utaombwa nakala ya pasipoti, kadi ya usajili wa gari, orodha ya nchi, na thamani ya gari. Kama gari si la jina lako, andaa barua ya idhini kutoka kwa mwenye gari, iliyothibitishwa na wakili, na dereva mwingine yeyote atajwe mapema.

Kwenye sehemu ya maelezo ya gari, nenda taratibu. Watajaza namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa, uzito, viti, na hata tairi za akiba. Namba ya chesisi usiinakili kutoka kwenye kadi. Chukua tochi, nenda kaisome kwenye bati la gari lenyewe, kisha ulinganishe na kadi herufi kwa herufi. Magari mengi yana namba ya tarakimu na herufi 17, na mfumo huo hautumii kabisa herufi I, O wala Q. Ukiona duara, hiyo ni sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huwa na namba fupi zaidi yenye kistari katikati, nayo iandikwe ilivyo. Kama injini iliwahi kubadilishwa, rekebisha kadi kwanza. Ofisa wa mpakani anaweza kufungua boneti, na tofauti ya herufi moja inatosha kukulaza hapo.

Kisha inakuja dhamana, na hapa ndipo wengi hukwama. Kiasi chake hutegemea thamani ya gari na viwango vya ushuru vya nchi zilizo kwenye orodha yako. Nchi moja yenye ushuru mkali inaweza kukipandisha, mara nyingine hadi kuzidi bei ya gari lenyewe. Ndiyo sababu inafaa kuuliza kiasi kingekuwa gani nchi hiyo ikiondolewa kwenye njia. Dhamana huwekwa kwa fedha taslimu, kwa barua ya benki, au kwa bima maalumu, kutegemea chama. Fedha taslimu zitarudi lakini hutazigusa safari nzima. Benki nayo huenda ikazuia kiasi hichohicho kwenye akaunti yako na kukutoza ada juu yake. Ada ya bima hairudi. Thamani ya gari itaje kwa uaminifu: ukiipandisha unajiongezea dhamana, ukiishusha mno chama kitaikataa. Barua ya benki ndiyo huchelewa zaidi, kwa hiyo anza miezi miwili au mitatu kabla ya kuondoka.

Ukiwa hapohapo, ulizia na leseni ya kimataifa ya udereva, maana mara nyingi chama kilekile ndicho huitoa. Ipo ya mkataba wa 1949, inayodumu mwaka mmoja, na ya mkataba wa 1968, inayoweza kufika miaka mitatu. Njia ndefu inaweza kukulazimu kubeba zote mbili. Na kaneti si bima ya ajali. Hiyo utaikata kivyake.

Ukikabidhiwa kitabu, kisome kabla hujaondoka dirishani: namba zote, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, orodha ya nchi, tarehe ya mwisho. Muda wake ni mwaka mmoja tangu kutolewa, hata kama wewe utaanza safari miezi mitatu baadaye.

Kila ukurasa una vipande vitatu. Ukiingia, ofisa hugonga muhuri na kuchana kipande cha chini. Ukitoka, huchana cha kati. Cha juu hubaki kitabuni, nacho lazima kiwe na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka. Wa kuingia ni nadra kusahaulika, maana geti halifunguliwi bila huo. Wa kutoka ndio hatari: jioni, foleni ndefu, askari anakupungia mkono upite, nawe unapita. Usipite. Egesha, itafute ofisi ya forodha, subiri muhuri, kisha upige picha ukurasa. Angalia pia siku ulizoandikiwa wakati wa kuingia, kwani nchi inaweza kukupa chache kuliko zilizobaki kwenye kaneti.

Ukiona mwaka utaisha ungali njiani, wasiliana na chama mapema kuomba nyongeza ya muda. Gari likiibwa au likiungua, deni halifutiki lenyewe. Chukua ripoti ya polisi, nenda forodha ya nchi hiyohiyo, na uarifu chama siku hiyohiyo.

Ukirudi, forodha ijaze cheti kilicho mwishoni mwa kitabu kuthibitisha kwamba gari liko nyumbani. Cheti hichohicho ndicho kinga yako kama kuna muhuri wa kutoka uliokosekana. Rudisha kitabu kizima, omba risiti, na udai kwa maandishi kwamba dhamana imeachiliwa. Picha za kurasa usizifute upesi: chini ya mkataba wa forodha wa 1954, nchi uliyopita ina mwaka mzima baada ya kaneti kuisha muda kutoa taarifa kwamba gari halikutoka.