Namna ya kukagua taarifa binafsi za SACCOS: kazi ya wakili kuanzia kaunta

Mwenyekiti wa SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, akipiga simu kuomba umwandikie "sera ya faragha", usikimbilie kompyuta. Sera iliyonakiliwa kutoka benki kubwa itasema taarifa zinatunzwa kwenye seva yenye ulinzi, ilhali pale Kirumba, Mwanza, fomu za wanachama zimo kwenye boksi la karatasi chini ya meza ya karani. Siku Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itakapokuja kukagua, sera hiyo ndiyo itakayomsuta mteja wako. Sera huandikwa mwishoni. Kazi inaanzia kaunta.

Mwongozo huu ni kwa wakili au afisa sheria anayefanya ukaguzi huo kwa mara ya kwanza. Tuchukue mfano wa SACCOS ya wachuuzi wa dagaa jirani na soko la Mwaloni: wanachama kama 600, makarani wawili, kompyuta moja, simu mbili za ofisi. Hatua hizi zinafaa pia zahanati ya Igoma, shule binafsi ya Buhongwa au nyumba ya wageni ya Nyegezi.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na kanuni zake za mwaka huohuo. Mzizi wake ni Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu. Kabla ya kitu kingine, mweleweshe mteja nani ni nani. Mkusanyaji ni yule anayeamua taarifa zichukuliwe kwa kazi gani na kwa njia ipi. Mchakataji ni yule anayezishughulikia kwa niaba ya mkusanyaji. Wengi hudhani mkusanyaji ni karani anayejaza fomu, kwa hiyo lawama wanamtupia yeye. Hapana: mkusanyaji ni SACCOS yenyewe. Kampuni iliyowauzia mfumo wa mikopo na kuutunza ndiyo mchakataji.

Siku ya kwanza: keti uangalie

Nenda siku ya kutoa mikopo, usiende siku ya kikao cha bodi. Kwenye kikao utaelezwa utaratibu unavyotakiwa kuwa. Siku ya mikopo utauona ulivyo. Chukua kaunta buku, piga mistari upate safu saba: taarifa gani, za nani, zimetoka kwa nani, zinatumika kwa kazi gani, zinakaa wapi, nani anaziona, zinakaa muda gani. Kila karatasi na kila simu inayoguswa ipate mstari wake. Nusu siku inatosha kwa ofisi ya ukubwa huu, ila usitoke kabla hujauliza maswali haya manne, kwa sababu majibu yake hayamo kwenye faili lolote.

La kwanza: "Fomu mnatoa kopi wapi?" Kama ni steshenari ya jirani, vitambulisho vya wanachama vilivyoskaniwa huenda vimebaki kwenye kompyuta ya dukani, pale kwenye skrini ya mbele, vikiwa na majina yao. La pili: "Mwanachama akituma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp, inaingia simu ya nani?" Mara nyingi ni simu ya karani mwenyewe, anayokwenda nayo nyumbani na anayowapa watoto wachezee. La tatu: "Flash ya ofisi iko wapi sasa hivi?" Subiri aitafute. La nne: "Karatasi za zamani zinakwenda wapi?" Ukijibiwa kwamba anazichukua mama wa karanga au wa vitumbua, umepata kosa la kwanza la kurekebisha leo leo. Fomu ya mkopo iliyofungia vitumbua ina jina, namba ya NIDA, namba ya simu na kiasi cha deni la mtu, na inasomwa na yeyote mwenye njaa.

Kuchambua fomu

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Shika kalamu nyekundu, pitia fomu ya uanachama sehemu kwa sehemu, na kila sehemu uliza: hii inatumika wapi? Isiyo na jibu inafutwa. Dini na kabila hukaa kwenye fomu nyingi kwa mazoea tu, kwa sababu fomu ilinakiliwa kutoka fomu nyingine. Futa. Sheria inataka taarifa zinazokusanywa zitoshe kazi husika na zisizidi hapo.

Kisha tenganisha taarifa nyeti. Kwenye sheria yetu kundi hili ni pana kuliko watu wengi wanavyodhani: afya, dini, msimamo wa kisiasa na vipimo vya mwili kama alama za vidole vimo, lakini zimo pia taarifa za watoto na miamala ya fedha ya mtu. Kwa SACCOS maana yake ni nzito. Karibu kila kinachoandikwa kwenye daftari la akiba ni taarifa nyeti, na sehemu ya warithi, mwanachama anapoandika jina la mtoto wake wa miaka sita na shule anayosoma, nayo imo. Kanuni ya msingi ni ridhaa ya maandishi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Mtoto huridhiwa na mzazi au mlezi wake. Jina la mrithi na uhusiano wake na mwanachama vinatosha. Jina la shule halisaidii chochote siku ya mirathi.

Wadhamini husahaulika sana. Mkopaji analeta kopi za vitambulisho vya watu wawili, karani anabana na stepla, basi. Lakini sheria inataka taarifa zichukuliwe kwa mhusika mwenyewe, na ajue zinachukuliwa kwa nini. Dawa ni nyepesi: mdhamini aje mwenyewe, asaini ukurasa wake, abaki na nakala. Hilo pia litamsaidia mteja mahakamani, kwa kuwa mdhamini aliyekuja hawezi kusema kesho kwamba hakujua.

Usiibebeshe ridhaa kila kitu. Mawakili wachanga hupenda kuweka mwishoni mwa fomu sentensi moja ya "nimeridhia taarifa zangu zitumike kwa shughuli zote za chama" na kuhesabu kazi imekwisha. Ridhaa ya namna hiyo ni dhaifu, na mtu ana haki ya kuiondoa. Kumbukumbu za marejesho zinahitajika kwa sababu upo mkataba. Za kodi kwa sababu ipo sheria. Andika hivyo. Ridhaa ibaki kwa yale yanayoihitaji kweli, na iwe na saini yake peke yake, mbali na saini ya mkopo.

Tangazo la faragha liwe ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: nani anachukua, anachukua nini, kwa kazi ipi, atampa nani, mtu akikataa itakuwaje, na akitaka kuona au kusahihisha taarifa zake aende kwa nani. Ujaribu kwa kumsomea mchuuzi mmoja kwa sauti. Akiuliza maana ya neno, badilisha neno. Kwa wazee wanaoelewa zaidi Kisukuma, karani aeleze kwa mdomo, kisha aandike tarehe aliyoeleza.

Orodha ya wadaiwa sugu

Ukiona karatasi yenye majina, picha na madeni ukutani, au orodha hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, simamisha kila kitu na ulishughulikie hili kwanza. Viongozi watakwambia ndiyo njia pekee inayofanya watu walipe. Pengine ni kweli kwamba aibu inalipisha. Lakini kudai deni ni haki ya chama. Kulitangaza deni ni jambo jingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, na udhalilishaji wa wadaiwa kwa simu ulikuwa umeshawachosha watu wengi. SACCOS isijifunze tabia hiyo.

Waonyeshe viongozi adhabu, maana hapo ndipo bodi husikiliza. Kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria kunaweza kumgharimu mtu binafsi faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni au taasisi ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Badala ya ukuta, tumia ngazi: ujumbe kwa mdaiwa mwenyewe, barua ya siku 14, kisha barua kwa mdhamini, ambaye ana haki ya kujua kwa kuwa ameingia kwenye deni hilo kwa saini yake. Baada ya hapo ni hati ya madai ya wakili.

Muda wa kutunza, na kuteketeza

Safu ya saba ya kaunta buku lako huwa tupu, kwa kuwa jibu la kila mtu ni "tunatunza tu". Weka namba. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 kwa Sheria ya Ukomo, basi faili la mkopo likae miaka 6 tangu deni lilipolipwa au mkataba ulipovunjwa. Kumbukumbu za kodi, miaka 5. Maombi ya mkopo yaliyokataliwa hayana sababu ya kukaa muda huo. Mwaka mmoja unatosha. Karatasi zichanwe kwa mashine au zichomwe hadi majivu, mbele ya watu wawili, na daftari lionyeshe ni faili zipi na siku gani.

Mfumo wa kompyuta na mipaka

Omba mkataba wa kampuni ya mfumo. Mara nyingi kuna risiti tu. Andika mkataba unaomzuia mchakataji kutumia taarifa kwa kazi nyingine, unaomtaka atoe taarifa mara tu kukivuja kitu, na unaosema taarifa zitarudishwaje mkataba ukiisha. Kisha uliza seva iko nchi gani. Jibu la "iko kwenye wingu" halikubaliki. Wingu nalo lina anwani. Kama ni nje ya Tanzania, masharti ya kusafirisha taarifa nje yanahusika na utashughulikia kibali cha Tume. Kenya na Uganda zina sheria zao za 2019, lakini hilo peke yake halimwondolei mteja wajibu huo, hata kama anayepokea ni mshirika wa Kisumu.

Viwanda vya minofu ya sangara huuliza kama GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inawahusu. Kumuuzia samaki kampuni ya Ulaya hakutoshi kuwaingiza. Hoteli inayowauzia watalii walioko Ulaya vyumba kwa intaneti ina sababu zaidi ya kuhofu.

Usajili, afisa na siku ya ajali

Mkusanyaji na mchakataji wote husajiliwa Tume kwa njia ya mtandao, na cheti hudumu miaka 5. Kaunta buku lako likijaa vizuri, maswali ya fomu yanajibika kwa saa moja. Makosa ya kawaida ni mawili: jina la chama kutofanana na cheti cha ushirika, na kutumia baruapepe ya karani, ambaye akiacha kazi anaondoka na nywila. Fungua baruapepe ya ofisi. Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi ateuliwe kwa barua, na asiwe meneja wa mikopo, kwa sababu atakuwa anajikagua mwenyewe. Ofisi yako ya uwakili nayo ni mkusanyaji. Usimsajili mteja wewe ukiwa hujasajiliwa.

Simu ya ofisi ikipotea ndani ya daladala: fungia laini, toa WhatsApp kwenye kifaa kile, badilisha nywila, andika kilichokuwemo na ni cha watu wangapi, kisha mjulisheni Tume mapema inavyowezekana. Saa 72 unazoziona kwenye sera zilizonakiliwa ni kipimo cha Ulaya. Mwanachama asiporidhika akalalamika Tume, uchunguzi umepewa siku 90 na unaweza kuongezwa muda, na kitakachosomwa kwanza ni maelezo mliyoandika siku ile simu ilipopotea.

Baada ya miezi mitatu rudi bila kuaga. Keti kwenye benchi la wateja, usiseme kitu. Ukiweza kusoma jina na salio la mtu kwenye daftari lililo mezani, mwambie karani aligeuze, kisha ufungue safu ya sita ya kaunta buku na uongeze mstari: "kila anayekaa benchini".